Kasuku na Mwenye Kasuku

Kasuku akimtukana mgeni barazani, mgeni hamshitaki ndege mbele ya wazee. Huuliza: Nani amemfundisha? Swali hilo latufaa tukitafakari juu ya sinema zinazotengenezwa siku hizi kwa msaada wa mashini iitwayo akili mnemba.

Mwaka 2016 mwongozaji Oscar Sharp alitengeneza sinema fupi, jina lake Sunspring, kwa mashindano ya London ambayo kila kikundi kilipewa saa 48 tu. Maneno yake hayakutungwa na mtu. Ross Goodwin aliunda mashini, akailisha maandiko mengi ya sinema. Ikajifunza herufi ipi hufuata herufi ipi, kisha ikaandika yenyewe. Iliandika mambo ya ajabu: mtu awe amesimama na kuketi kwa wakati ule ule! Hata hivyo wachezaji waliyashika maneno hayo matupu, wakayatia wivu na uchungu. Mwishoni Elisabeth Gray asema maneno marefu yasiyo na maana, naye amtazamaye huingiwa na huzuni ya kweli.

Je, mtazamaji huyo amedanganywa? Nasema hapana. Kusema uwongo ni kunena kinyume cha yale uyajuayo, kwa nia ya kumpotosha mwenzako. Mashini haijui neno, wala haina nia. Nao wenye sinema walitangaza waziwazi jinsi maneno yalivyopatikana. Kama yangekuwa matusi, wao ndio wangeitwa kujibu.

Lakini tazameni jambo la pili. Mwaka 2021 Morgan Neville alitoa sinema Roadrunner, juu ya maisha ya Anthony Bourdain, mpishi na mwandishi Mmarekani aliyefariki mwaka 2018. Humo sentensi chache alizoziandika marehemu zasikika kwa sauti yake. Kumbe sauti hiyo ilifanyizwa na mashini, wala sinema haikusema hivyo! Watu walijua mwongozaji alipohojiwa, na wengi walikasirika. Hapa maneno yalikuwa ya kweli, naye mtazamaji akapotoshwa.

Labda mtu atapinga: Si ni maneno yake mwenyewe? Ndiyo, aliyaandika. Lakini sentensi moja ilitoka katika barua aliyompelekea rafiki, na kumwandikia rafiki si kusimama mbele ya watu na kunena. Tena marehemu, akiulizwa kama apenda barua yake isomwe hivyo, hawezi kujibu ndiyo wala hapana.