Tutetee Ndoa Bila Kurusha Mawe



Liko swali linalogawanya nyumba nyingi za Kikatoliki: ikisikika kwamba mashoga wanakusanyika kusherehekea, je, Mkristo aandamane kuwapinga? Baba asema, "Tukinyamaza, watoto wetu watapotea." Mama ajibu, "Na mtoto wa dada yangu, tumfukuze?" Basi chakula cha jioni kinaliwa kimya kimya.

Kwanza tujue Mama Kanisa anafundisha nini. Ndoa ni agano la mume mmoja na mke mmoja hadi kifo. Fundisho hilo halijabadilika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2357, yakataza matendo ya ushoga. Lakini namba inayofuata yatuagiza tuwapokee watu wenye mwelekeo huo kwa heshima na huruma, bila kuwabagua isivyo haki. Mkatoliki hana ruhusa ya kushika namba moja na kuiacha nyingine. Marehemu Papa Fransisko naye, mwezi wa Januari 2023, alisema kwamba kuwa na hali hiyo si jinai, wala hakuacha kulitaja tendo kuwa dhambi.

Sasa tutazame yaliyotokea Mtwapa, huko Pwani, Februari 2010. Ulienea uvumi kwamba wanaume wawili watafunga harusi. Viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, waliwaita waandishi wa habari na kukemea. Tarehe 12 umati ulizingira kituo cha afya cha KEMRI, kilichokuwa kikitoa huduma za UKIMWI. Kuna waliopigwa. Kuna waliochukuliwa na polisi, kisha wakaachiliwa bila mashtaka. Na ile harusi? Haikuwapo.

Sisi watu wa ziwani jambo hili latuhusu sana. KEMRI tunayo hapa Kisian, na Nyanza imezika wengi kwa UKIMWI. Mtu akiogopa kwenda kliniki kwa sababu waumini wamesimama mlangoni na fimbo, dawa haitamfikia. Na huenda mtu huyo ana mke nyumbani, asiyejua lolote.

Kuandamana kwa amani bila silaha ni haki, nayo imo katika Katiba, kifungu cha 37. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watetezi wa mashoga wanaweza kusajili shirika lao, na baadaye mwaka huo waumini waliandamana Mombasa na Nairobi. Asiyekubali ana ruhusa ya kusema hivyo. Lakini fimbo, matusi na uvumi si sehemu ya haki hiyo, wala ya imani yetu.

Kumbukeni yule mwanamke aliyeletwa mbele ya Bwana wetu, katika Yohane sura ya 8. Yesu aliyazuia mawe kwanza, ndipo akamwambia asitende dhambi tena. Wanaume waliomleta walikuwa wepesi wa kuiona dhambi yake, lakini yule mzinzi mwenzake hawakumleta. Nasi tujiulize: ni mara ngapi tumeandamana kupinga jaboya kwenye fuko zetu, ambapo mama hapewi samaki wa kuuza mpaka autoe mwili wake? Hiyo nayo yavunja ndoa, na wengi wa wanaoitenda twakaa nao kanisani.

Basi nawashauri hivi. Kabla mmoja wenu hajatoka kuandamana, ongeeni wawili, na mhakikishe kama habari ni ya kweli. Msiwatukane watu hao mezani, maana huenda mmoja wa watoto wanaosikiliza ana siri inayomtesa, naye akisikia matusi ya baba hatathubutu kuja kwenu. Akija, msimfukuze. Mwelezeni fundisho la Kanisa bila kulificha, halafu mmpe chakula na kitanda chake kama jana. Mwendeeni Padre pamoja, siyo jirani.

Baba yule ana haki ya kuhofia watoto wake. Mama naye ana haki ya kukataa kumfukuza mwana wa dada yake. Wasiendelee kununiana. Usiku huu huu waseme rozari pamoja, na kijana huyo atajwe humo kwa jina lake.

Mungu azibariki nyumba zenu.