Je, Kipawa ni Deni?

Masomo: Mathayo 25:14–30, Hesabu 8:23–26, 1 Wafalme 19:1–18

Wiki hii nataka tuketi na swali ambalo kanisani tunalijibu haraka sana. Mtu akipewa kipawa, akakitumia, kikazaa matunda, je, ana ruhusa ya kukiweka chini kabla hakijaisha? Au kipawa ni deni, na deni lazima ulipe mpaka shilingi ya mwisho?

Nitaanzia mbali kidogo, kwa mwendesha baiskeli wa Uholanzi anayeitwa Tom Dumoulin. Najua wengi wetu ni watu wa mpira na riadha, lakini huyu jamaa tuna uhusiano naye. Mwaka 2018 alimaliza wa pili katika mashindano makubwa ya Italia, Giro d'Italia, na aliyemshinda alikuwa Chris Froome, mtoto aliyezaliwa hapa Nairobi. Mwaka uo huo Dumoulin akawa wa pili tena, sasa katika Tour de France, na Froome akawa wa tatu.

Mwaka uliotangulia ndio uliokuwa wake. Giro ya 2017 ilikuwa ya mara ya 100, na mbio hizo ni za wiki tatu, siku 21 za kushindana, zaidi ya kilomita 3,500. Katika siku ya 16, milimani, akiwa amevaa jezi ya waridi ya anayeongoza, tumbo lilimvuruga. Ilibidi asimame kando ya barabara, ajisaidie mbele ya dunia nzima, kisha apande tena baiskeli na kuwafukuza wenzake. Alipoteza zaidi ya dakika 2, lakini jezi hakuipoteza. Siku ya mwisho alianza akiwa wa nne, na mbio zilikuwa za kila mtu peke yake dhidi ya saa. Alipofika Milan alikuwa ameshinda Giro nzima kwa sekunde 31. Hakuna mwanamume wa Uholanzi aliyekuwa amewahi kuishinda. Mwaka huo huo akawa bingwa wa dunia wa mbio za dhidi ya saa kule Bergen, Norway.

Mtu kama huyo huwezi kumwita mvivu.

Januari 2021, akiwa na miaka 30, akiwa kwenye timu kubwa yenye pesa, alitangaza kwamba anapumzika, bila mshahara. Alisema siku alipoamua alihisi kana kwamba mzigo wa kilo 100 umetoka mgongoni. Alieleza kwamba alitaka kumpendeza kila mtu: timu, wafadhili, mashabiki, familia. Katikati ya hao wote akawa hajui tena yeye mwenyewe anataka nini. Baada ya miezi michache alirudi, na Julai mwaka huo akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Tokyo. Watu wakasema, si unaona, ilikuwa uchovu tu, sasa yuko sawa. Lakini Juni 2022 akatangaza kwamba mwisho wa msimu ataacha kabisa, na alitaka kuaga kwenye mashindano ya dunia kule Australia mwezi wa Septemba. Hata hapo hakufika. Agosti alisema nguvu zimekwisha, akaacha papo hapo. Alikuwa na miaka 31.

Sasa tuamue kesi. Alifanya vibaya?

Upande wa kwanza ni ule wa deni, na una nguvu. Mwili ule hakujiumba. Kuna makocha waliompa miaka yao. Kuna vijana waliokuwa tayari kutoa kila kitu wapate nusu ya miguu yake. Na Bwana Yesu alipotoa mfano wa talanta, yule aliyefukia ya kwake hakupigiwa makofi. Ukisoma haraka, unafunga kesi hapo hapo: kuacha ni kufukia.

Lakini tusome polepole. Yule mtumwa wa tatu hakufanya biashara hata siku moja. Aliogopa, akachimba shimo, akangoja. Kosa lake halikuwa kuacha, kwa sababu hakuwa ameanza. Na tena, katika mfano ule bwana anarudi, hesabu zinafanywa, na wale waaminifu wanaambiwa waingie katika furaha. Mimi nilisomea biashara, na kitu cha kwanza unachojifunza ni kwamba vitabu vya hesabu lazima vifungwe wakati fulani. Biashara isiyofunga vitabu haiwezi kujua kama ilipata faida.

Jambo la pili ni hili: ikiwa kipawa ni deni, mdai ni nani? Katika mfano ni bwana mwenye mali. Majirani waliokuwa wakitazama biashara hawahusiki. Tunapomwambia mtu "huwezi kuacha, tunakuhitaji," mara nyingi tumejikalisha kwenye kiti cha mdai bila kuulizwa. Shabiki hakumpa Dumoulin miguu. Alifurahia tu kuitazama ikifanya kazi.

Chuoni tulifundishwa pia habari ya gharama iliyokwisha kuzama. Ni ile pesa uliyokwisha kuitumia, ambayo hairudi uendelee au usiendelee. Mwenye matatu aliyetengeneza injini mara tatu husema, "Siwezi kuiuza sasa, nimetumia pesa mingi sana." Mhasibu humwambia hiyo imeenda, swali ni la kesho: gari hili litakuletea nini kuanzia leo? Ni hekima nzuri, na ningependa watu wengi waijue, maana wengi wanabaki mahali pabaya kwa sababu tu walikaa hapo muda mrefu.

Hata hivyo hekima hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni ahadi. Ndoa haihesabiwi hivyo. Mtoto hahesabiwi hivyo. Mama mgonjwa nyumbani hahesabiwi hivyo. Huwezi kumtazama mke wako ukasema miaka 15 imezama, tuangalie faida ya kesho. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama ni halali kuacha, uliza kwanza: hiki ninachotaka kuacha ni agano au ni nafasi? Agano unakaa nalo hata likiwa zito. Nafasi ulipewa kwa muda, na mwingine atakuja kuishika. Kuendesha baiskeli kwa mshahara, hata ukiwa bingwa wa dunia, ni nafasi.

Na msifikiri haya ni mambo ya wazungu wa Ulaya. Kuna dada mmoja kwetu, sitamtaja, ameongoza sifa kwa miaka 9. Alhamisi mazoezi, Ijumaa kesha, Jumapili ibada mbili, na katikati ya hayo ana kazi ya kuajiriwa. Alikuja akaniambia, "Pastor, siku hizi nikiimba nasikia sauti yangu tu. Sisikii kitu kingine." Alikuwa ameomba kuondoka, na watu wakamwambia ati anataka kufukia talanta. Mmoja alimwambia kanisa likipungua litakuwa juu yake. Wapendwa, hayo si maonyo ya upendo. Hayo ni mashabiki wanaogopa onyesho litaisha.

Nilimsomea Hesabu 8. Hapo Mungu mwenyewe anaweka umri wa kustaafu. Walawi walianza utumishi wa hema wakiwa na miaka 25, na wakifika 50 waliacha kazi ile. Mstari wa 26 unaonyesha kwamba waliendelea kuwa pamoja na ndugu zao na kuwasaidia, lakini mzigo wenyewe hawakuubeba tena. Kazi takatifu kabisa, na ilikuwa na mwisho. Mlawi wa miaka 51 hakuwa amerudi nyuma kiroho.

Kisha tukaenda kwa Eliya. Ametoka kushinda pale Karmeli, ushindi mkubwa kuliko jezi yoyote, na baadaye kidogo yuko chini ya mti akiomba afe. Angalia Mungu anavyoanza. Anampa usingizi, mkate na maji, kisha usingizi tena na chakula tena. Maswali yanakuja baadaye, akishapata nguvu. Na mwisho Eliya anatumwa arudi, lakini sehemu ya kazi aliyopewa ni kumtia mafuta Elisha awe nabii mahali pake. Mungu alimtunza mtu wake kwanza, halafu akapanga habari ya kazi.

Mfuatano huo ndio ninaouona unasaidia, na bila kujua Dumoulin alikaribia kuufuata. Hakuacha siku ya kwanza aliyochoka. Alipumzika, akarudi, akajaribu kwa kweli, tena akashinda medali. Ndipo akajua kwamba shida si usingizi tu. Mtu anayekimbia kwa hasira baada ya kikao kibaya hajajua bado kama amemaliza au ameudhika. Pumzika kwanza, kisha urudi ujipime. Ukiwa umelala vizuri na kula vizuri, na bado mlango umefungwa ndani yako, basi huenda kweli vitabu vinafungwa. Dada yetu tumekubaliana apumzike miezi mitatu. Atakachoamua baada ya hapo ni kati yake na Mungu wake, na wazee wamekubali kukipokea.

Najua kuna mtu anasoma akisema, "Pastor, hayo ni ya wenye pesa." Uko sawa. Bingwa anaweza kukaa miezi bila mshahara. Kijana wa boda boda pale steji naye yuko juu ya magurudumu mawili tangu alfajiri, na akisema leo nimechoka, watoto hawali. Mama mboga hana msimu wa kumaliza. Kwa hiyo sitasimama hapa niwaambie watu wote waweke mizigo chini. Lakini Wagalatia 6 ina mambo mawili katika sura moja: tubebeane mizigo, na kila mmoja ana furushi lake mwenyewe. Furushi ni lako. Lakini mzigo unaomvunja mtu mgongo ni wetu sote. Kama katika kanisa letu wanaoweza kupumzika ni wenye mshahara tu, basi tunahubiri Eliya bila kuleta mkate.

Waebrania 12 inatuambia tuweke kando kila kitu kinachotulemea ili tupige mbio. Zamani nilidhani mizigo hiyo ni dhambi peke yake. Mstari wenyewe unataja mizigo kwanza, kisha dhambi. Kuna mizigo isiyo dhambi. Inaweza kuwa kitu kizuri, hata kile kilichokupa jina. Na mashindano ambayo Paulo alisema ameyamaliza hayakuwa cheo wala jukwaa. Ukiacha baiskeli hujaacha mbio. Umeshuka tu kwenye baiskeli.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kipawa ni amana, si deni kwa watazamaji. Utatoa hesabu, lakini kwa Aliyekupa, na Yeye ndiye pia aliyeumba usingizi.

Kwa vikundi vya nyumbani:

1. Kitu unachofikiria kuacha ni agano au ni nafasi? Umejuaje?

2. Kuna mtu unayemzuia asipumzike kwa sababu unafurahia anachofanya?

3. Taja mtu mmoja katika kikundi chenu asiyeweza kupumzika kwa sababu ya riziki. Wiki hii mtamshikia nini? Andikeni siku na saa.