Mzigo wa Nani?

Swali letu la mwezi huu laonekana dogo: mume na mkewe wasafiripo pamoja kwa miguu, mzigo ni wa nani?

Siku hizi wako watu wa Moshi wapendao kwenda Ziwa Chala, mtu na mkewe, wakalale huko usiku mmoja. Ziwa hilo limo katika shimo la volkano ya kale, chini ya mlima upande wa mashariki, nusu Tanzania na nusu Kenya. Maji yake mengi ni mvua ya Kilimanjaro, ipitayo chini ya ardhi isionekane hata ifike humo. Asimamaye ukingoni huyaona mbali chini yake, yapata meta 100, na kuta zake ni kali. Tena mwaka 2002 mtu aliyekuwa akiogelea humo aliuawa na mamba. Kwa hiyo msafiri mwenye akili huchukua maji ya kunywa mgongoni. Lita 10 za watu wawili ni kilo 10 kamili, kabla ya kufungwa hema, blanketi na sufuria.

Wapandao kileleni hawana shauri hili, maana wanao wachukuzi, ambao kanuni ya hifadhi yakataza wabebeshwe zaidi ya kilo 20. Lakini hawa wawili wa Chala hugawana wenyewe. Wako wasemao, Nusu kwa nusu, ndiyo haki. Mimi sioni hivyo: mizani hupima mzigo, haipimi mgongo. Mara nyingi mume hutwaa maji na hema, mke hutwaa chakula na nguo, wala hapana asemaye kwamba mume amejidhalilisha.

Hapa ndipo penye neno. Jumatatu mume huyo yu kwake Machame au Marangu. Mkewe ameteremka nyikani kukata majani ya ng'ombe, naye apanda nayo kichwani, mzigo wa kufunika uso. Mume akutana naye njiani, amsalimu, apita. Kwa nini mzigo wa matembezi ni heshima kwa mwanamume, na mzigo uletao maziwa ya watoto wake ni aibu?

Wazee watajibu kwamba kazi ziligawanywa tangu zamani: wanaume walichimba mifereji, wakajenga, wakalinda nchi, majani yalikuwa ya wanawake. Jibu hilo si la kudharauliwa, maana mgawo ule ulikuwa na uzito pande zote mbili. Lakini vita vya wamangi vimekwisha, na maji ya bomba yamefika vijiji vingi. Majani hayakupungua. Ng'ombe afungwaye nyumbani, kama ilivyo desturi ya Wachaga, hawezi kwenda kujitafutia.

Mwingine ataniambia, Nikiupokea mzigo huo njiani, wenzangu watanicheka. Yamkini watamcheka. Lakini kule Chala alikwenda na sufuria ikimgonga mgongoni, watoto wa njiani wakimkimbilia kumtazama, wala hakuona haya.