Alisema na Nani?

Mwanafunzi wa televisheni anapoanza kupanga filamu yake ya kwanza ya makala hupewa karatasi ya kujaza. Karatasi hizo hutofautiana toka chuo hadi chuo, lakini maswali yake huwa ni yale yale: mada ni nini, hadhira ni nani, filamu itachukua dakika ngapi, vifaa gani vinahitajika. Swali la mada huwakesha watu. Swali la hadhira hujibiwa kwa dakika moja, aghalabu mwishoni, mkono ukiwa umeshachoka. Kwa miaka mingi sasa nimeamini kwamba ingepasa kuwa kinyume chake, na ningependa, ndugu msomaji, nikueleze nilivyofika huko. Sikufika kwa kusoma vitabu. Nilifikishwa na mama mmoja mkulima wa mwani, ambaye jina lake silitaji wala kijiji chake sikitaji. Sababu utaiona mwenyewe.

Ilikuwa mwaka 1998. Tulikuwa wanafunzi watano Dar es Salaam, tumepewa kamera moja, kanda chache na agizo la kutengeneza filamu ya dakika 20. Televisheni yenyewe ilikuwa bado changa kwetu. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya sabini, tena ya rangi, lakini Bara tuliingoja hadi mwaka 1994. Wengi wetu tulikuwa tumekulia kwenye redio, na kila aliyeshika kamera alijiona ameshika jambo kubwa. Tulibishana siku tatu juu ya mada. Mmoja alitaka makondakta wa daladala. Mwingine alitaka wanawake wanaoponda kokoto Kunduchi. Mimi nilitaka mwani, kwa kuwa nilikuwa na shangazi Unguja na nilijua tungepata pa kulala. Nakiri kwamba hiyo ndiyo hoja iliyoshinda.

Mwalimu wetu alipoisoma karatasi yetu aliuliza, "Mwani, sawa. Lakini mnamwambia nani?" Tukajibu kwamba tunamwambia kila mtu. Akatikisa kichwa, akasema kwamba anayesema na kila mtu hana anayemsikiliza, kisha akatupa kazi ya kuandika mpango ule ule mara nne, kila mara kwa hadhira nyingine. Tukaandika. Kwa mtalii, filamu ilikuwa ya bahari ya samawati na kanga zinazopepea. Kwa ofisa wa serikali, ilikuwa ya bei ya kilo moja na nani anayeipanga. Kwa mnunuzi wa ng'ambo, ilikuwa ya namna mwani unavyoanikwa usiingie mchanga. Kwa wanawake wenyewe wanaoupanda hatukujua tuandike nini, maana kila tulichotaka kuwaeleza walikuwa wanakijua kutushinda sisi. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba mada haiji kwanza na hadhira baadaye. Ukimbadilisha anayeambiwa, na kinachosemwa kimeshabadilika.

Hata hivyo tulikuwa na haraka. Kwenye mstari wa hadhira tukaandika: "Wanafunzi na walimu wa chuo." Lilikuwa jibu la uvivu, lakini siku hiyo lilikuwa la kweli.

Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya pwani ya mashariki kama Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Haukupita muda kikawa kazi ya wanawake. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa hadi mbali, wao hushuka na vigingi na kamba, wakafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi wakavuna, wakaanika na kuuza. Mwani huo hupelekwa ng'ambo, ukatolewa kitu cha kugandishia ambacho huingia katika dawa ya meno, aiskrimu na vyakula vingi vya viwandani. Fedha yake haikuwa nyingi, lakini ilikuwa na jambo jipya ndani yake: iliingia mkononi mwa mwanamke moja kwa moja, bila kupitia mkono mwingine.

Mama yule alikuwa mtu wa makamo. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akatutazama sisi, kisha akaitazama kamera.

"Kitu hicho cha nini, wanangu?"

Tukamwambia ni kazi ya skuli.

"Na nani atakitizama?"

Walimu wetu, tukasema, na wanafunzi wenzetu huko Dar es Salaam. Akanyamaza kidogo, kama mtu anayepima kitu mkononi. Siku ile alituonyesha kazi yake tu. Siku ya pili, tukiwa kivulini nyuma ya jiko lake naye akifunga mbegu, alizungumza. Alisema kwamba kila anapouza mwani, sehemu ya fedha humwonyesha mumewe wakaitumia nyumbani, na sehemu nyingine humpelekea dada yake kijiji cha pili, mumewe asijue. Huko kwa dada yake matofali yalikuwa yanaongezeka moja moja. Hakumsema mumewe kwa ubaya. Alisema ni mtu mwema. "Lakini nishaona mwanamke akiachwa baada ya miaka ishirini," alisema, "akatoka na kanga zake mkononi. Mie nikitoka, nitoke na pahala pa kwenda."

Filamu ilipoonyeshwa chuoni, ukumbi ulinyamaza katika sehemu hiyo. Tulipata alama nzuri. Miezi michache baadaye kituo kimoja cha televisheni, ambacho kilionekana hata Unguja, kiliomba kuirusha. Nadhani huwezi kufahamu furaha yetu ila uwe umewahi kuwa na miaka 23. Wakati huo kijiji kilichokuwa na seti moja dukani kilijaa wote mbele ya seti hiyo. Ni katika kuifikiria picha hiyo, ya watu wamekaa chini dukani wakitazama, ndipo mmoja wetu alipouliza, "Na mumewe je?"

Tuligawanyika. Mwenzetu aliyepiga picha alisema kwamba hatukumlaghai mtu. Kamera ilikuwa mbele yake, taa yake nyekundu inawaka, na mtu mzima anajua kamera ni kitu gani. Tena wako wanawake wangapi ambao maneno yale yangewafumbua macho? Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na hata leo siidharau. Binti aliyekuwa akirekodi sauti alijibu kwa neno moja tu: "Mimi ndiye niliyevaa hedifoni. Nilimsikia alivyoshusha sauti."

Mimi nilikuwa upande wa kurusha. Nilijiambia kwamba nawafikiria wanawake wa pwani nzima. Kwa hakika nilikuwa nalifikiria jina langu likipita kwenye kioo.

Mwisho tulikubaliana wawili wetu, mimi na binti yule, twende tukamwulize. Tulipanda boti asubuhi, na alasiri tukawa uani kwake. Tulimweleza habari nzima. Hakukasirika, na pengine ingekuwa nafuu angekasirika.

"Mlipokuja mlinambia ni ya skuli," alisema. "Mie nikasema na skuli. Maneno yale sikuyasema na kijiji. Ningekuwa nasema na kijiji ningesema mengine."

Nikamwuliza angesema nini.

"Ningesema bei. Ningesema migongo inavyotuuma, na mizani tusiyoisoma sisi. Hayo nataka wayasikie wote, na mume wangu ayasikie. Haya, kiwasheni hicho kitu chenu niseme."

Hatukuja na kamera. Tulikuja na karatasi ya ruhusa tu, ili atie sahihi.

Tuliporudi tulizikata zile dakika mbili. Kituo kilipoitazama filamu upya kikaona imepoa, hakikuirusha. Mwenzetu mpiga picha hakusema nasi kwa muda mrefu, nami kwa muda nilimwona ana haki. Nilikuwa nimepoteza nafasi ambayo mwanafunzi haipati mara mbili, kwa ajili ya jambo ambalo pengine lisingetokea kamwe. Huenda mumewe asingekuwa dukani usiku ule. Huenda angeona na asiseme kitu.

Lakini kadiri nilivyoyarudia maneno yake ndivyo nilivyoona kwamba alikuwa amenifundisha jambo ambalo karatasi yetu ya mpango haikuwa nalo. Sisi tulidhani kuchagua hadhira ni kazi ya mtengeneza filamu peke yake. Kumbe anayesema naye amechagua. Alituuliza nani atakitizama, tukamjibu, akapima, na kwa kipimo hicho akatoa alichokitoa. Jibu letu lile la uvivu yeye alilichukua kuwa ahadi. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na mama yule alituteka maji kwa kata ndogo, kwa watu aliowahesabu. Kuyamwaga maji hayo sokoni kulitaka ruhusa yake, hata kama soko zima lilikuwa na kiu.

Kwetu jambo la namna hii lina jina. Linaitwa amana. Mtu akikuwekea fedha, huna haki ya kuzitoa sadaka, japokuwa sadaka ni jambo jema na maskini ni wengi. Wema wa matumizi hauzifanyi kuwa zako. Ndivyo ninavyoijibu leo ile hoja ya mwenzetu, ambayo mwaka 1998 sikuwa na jibu lake. Alisema kwamba maneno yale yangewasaidia wanawake wengi. Sikatai. Lakini gharama ya msaada huo ingelipwa na mwanamke mmoja, nasi tusingelipa hata senti.

Utaniuliza, je, mwandishi wa habari amwombe ruhusa mwizi kabla ya kuufichua wizi wake? La hasha. Ofisa aliyekula fedha za umma hakuniwekea mimi amana yoyote. Yeye ndiye aliyekula amana ya wengine, na siri yake ni deni analodaiwa. Siri ya mama yule haikuwa deni la mtu. Ilikuwa kinga yake. Anayezichukua siri hizi mbili kuwa kitu kimoja, kwa kuwa zote ni "ukweli" na zote zimo ndani ya kanda, ataumiza wanyonge huku akijiona shujaa.

Baadaye, nilipoanza kufundisha, nilikuta kwamba swali hili lina umri sawa na filamu za makala zenyewe. Robert Flaherty, ambaye filamu yake Nanook of the North ilitoka mwaka 1922, alikwenda kaskazini ya Kanada na vifaa vya kusafishia filamu, akawaonyesha Wainuiti alichokipiga akiwa bado kwao. Hakukosa makosa. Aliwafanya wawinde kwa mikuki ya kale ilhali walikuwa na bunduki, na Nanook halikuwa jina la mtu yule. Walakini watazamaji wake wa kwanza walikuwa ni wale wale waliomo ndani ya picha. Mfaransa Jean Rouch, kwa upande wake, alipiga mwaka 1954 huko Accra ibada ya pepo wa Hauka, kwa kualikwa na wenye ibada wenyewe. Filamu hiyo, Les maîtres fous, ilipoonyeshwa Paris, Waafrika waliokuwamo ukumbini waliona wamefedheheshwa, na serikali ya kikoloni ya Gold Coast ikaipiga marufuku. Wenye ibada walikuwa wamemwalika Rouch, na katika picha waliona ibada yao. Ukumbi wa Paris uliona kitu kingine, nao haukuwa umealikwa na mtu.

Siku hizi kila mwanafunzi wangu ana kamera mfukoni. Kanda yetu ilikuwa moja, imefungiwa kabatini, na ili itoke ilibidi mtu aombe funguo. Leo maneno yaliyosemwa kivulini nyuma ya jiko yanaweza kufika kijijini kabla chai haijapoa, na kutoka hapo yakaenda yasikojulikana. Wapo wanaosema kwamba kwa hiyo swali la hadhira limekufa, maana hadhira ya kila kitu sasa ni ulimwengu. Mimi naona ndipo lilipozidi uzito. Kama siwezi kumwahidi anayesema kwamba maneno yake yataishia skuli, basi inanipasa nimwambie hivyo kabla sijawasha, naye achague upya la kusema. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini yanaweza kushikwa vizuri yakiwa bado mtungini.

Kwa hiyo kwenye karatasi ya wanafunzi wangu, chini ya mstari wa hadhira, nimeongeza mstari mmoja: "Atakayesema mbele ya kamera yako anadhani anasema na nani?" Wengi hawapendi mstari huo, kwa kuwa hauwezi kujazwa ukiwa umekaa darasani. Lazima uende ukamwulize mtu, na ukienda yafaa uende na kamera, kwani huenda akawa na maneno mengine anayotaka yasikiwe na wote. Mwanafunzi anayeuacha wazi namrudishia karatasi yake.