Sketi ya Emma Livry

Mwezi Mei 1860, Emma Livry, nyota wa baleti katika Opera ya Paris, alimwandikia mkurugenzi wake kwamba hatavaa sketi iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, na kwamba likitokea lolote lawama ni zake mwenyewe. Alikuwa na miaka 17. Mwaka uliotangulia, serikali ya Napoleon III ilikuwa imeamuru mavazi na mapazia yote ya jukwaani yachovywe kwenye maji ya shabu na chumvi nyingine ili yasishike moto. Dawa ilifaa. Ila shashi ilitoka humo imekakamaa, weupe wake umefifia. Livry akaikataa.

Msomaji wa leo ataona kiburi cha ujana tu. Mimi nadhani binti huyu alikuwa akitetea kitu, na ili kukiona lazima turudi nyuma hadi 1832, Marie Taglioni alipotokea kwenye Opera hiyo hiyo katika La Sylphide. Alicheza kama roho wa msituni anayempokonya kijana moyo siku ya harusi yake, naye alivaa sketi nyeupe ya tabaka nyingi iliyokomea katikati ya muundi. Tangu usiku ule weupe huo ukawa ndiyo sare ya viumbe wote wa baleti wasio wa dunia hii.

Lakini vazi lenyewe halikuwa geni hata kidogo. Ondoa vile vibawa vidogo mgongoni, linabaki gauni la mwaka ule: mabega wazi, kiuno kimebanwa, sketi imefumuka kama kengele. Bibi aliyekaa kati ya watazamaji alivaa umbo lile lile. Upindo wake tu ndio ulishuka hadi kifundo cha mguu, na chini yake alibeba magagulo yaliyotiwa wanga, moja juu ya jingine. Roho wa msituni alikuwa yeye mwenyewe, amepunguziwa mzigo. Sidhani kama malaika wa kuchorwa, mwenye joho la ajabu, angemgusa mtazamaji yule namna hiyo. Alichooneshwa ni mwili kama wake, gauni kama lake, halafu mguu unaopaa.

Hapa ndipo maana ya sketi ilipo. Wepesi ule ulikuwa kazi nzito: miaka ya kusimama kwenye ncha za vidole, koseti iliyokazwa, jasho ambalo haliruhusiwi kuonekana. Kitambaa ndicho kilichoificha kazi hiyo. Mchezaji anaporuka, shashi inachelewa kidogo kushuka, na macho yanadanganyika kwamba hata yeye amechelewa. Sketi iliyokakamaa hushuka naye kwa pamoja, na udanganyifu unakufa. Basi Livry, mwanafunzi wa Taglioni, hakuwa akibishania pambo. Kwake sketi ilikuwa sehemu ya ngoma yenyewe.

Mitaani nako wanawake walikuwa wakiutafuta wepesi kwa njia yao. Mwaka 1856 ikatoka krinolini ya pete za chuma, tundu linalovaliwa kiunoni ili sketi isimame bila magagulo mengi. Wachora vibonzo waliifanyia kejeli isiyokwisha, wakasahau kwamba wengi wa waliovaa walipata nafuu: miguu ilitembea huru na mzigo kiunoni ulipungua. Shida ni kwamba hewa iliyojaa chini ya sketi ndiyo hiyo hiyo inayolisha moto, na nyumba zilijaa mishumaa na meko ya wazi. Wala haikuwa krinolini peke yake: Julai 1861 Fanny Longfellow, mke wa mshairi wa Marekani, alifariki baada ya gauni lake jepesi la kiangazi kushika moto nyumbani kwake.

Wahenga wetu husema ukitaka uzuri sharti udhurike, na Wafaransa wana msemo wao unaokaribiana sana na huo. Sijawahi kuupenda. Unazungumza kana kwamba mwanamke na uzuri wamekaa sokoni wawili peke yao wakipatana bei, wala hauulizi ni nani aliyelipanga soko.

Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi ya La Muette de Portici, Livry aliinyanyua sketi yake ili asiikunje, upepo wake ukaipiga taa ya gesi, moto ukamvaa. Alikimbia jukwaani akiwaka kabla mzimamoto hajamfikia na kumfunika. Aliishi katika maumivu hadi Julai 1863, akafa na miaka 20. Inasimuliwa kwamba hata akiwa kitandani alikiri mavazi ya dawa ni salama zaidi, kisha akasema akirudi jukwaani hatayavaa.

Waandishi wamependa kukumbusha kwamba miaka miwili kabla yake alicheza Le Papillon, baleti aliyotungiwa na Taglioni kwa muziki wa Offenbach, ambamo kipepeo anaunguzwa mabawa na mwenge. Sadfa hiyo inanikera, kwa sababu ukishaiita ajali kudura umeisamehe taa. Opera ilianza kuwasha gesi mwaka 1822, miaka kumi kabla ya La Sylphide. Mwanga ule hafifu na wa ajabu ndio uliomfanya Taglioni aonekane kivuli, na watazamaji waliulipia. Vitu viwili vilikutana jukwaani, shashi na mwali. Amri ya serikali ikakigusa kimoja tu, kile kilichovaliwa na msichana. Na barua ya Livry ikafanya lililobaki, ikauhamishia mwilini mwake wajibu ambao ulikuwa wa jumba zima. Alichagua, siwezi kumnyang'anya hilo. Ila alipewa kuchagua kati ya sanaa yake na ngozi yake, huku mwenye jumba akichagua kutobadilisha chochote.

Katika miaka ya 1880 umeme ulianza kuchukua nafasi ya gesi kwenye majumba ya maonyesho ya Ulaya, Opera ya Paris ikiwemo. Sketi ile haikutoweka. Giselle, baleti ya 1841, bado inachezwa kwa sketi nyeupe, ndefu na nyepesi.