Utulivu wa Njia ni wa Nani?

Kusini mwa Ufaransa, mahali mto Rhône unapogawanyika kuingia baharini, kuna tuta refu liitwalo Digue à la Mer. Magari yamepigwa marufuku juu yake. Upande mmoja ni Mediterania, upande wa pili ni mabwawa ya Camargue yenye makundi ya flamingo, na katikati wanapita watu na baiskeli zao, polepole, bila honi wala moshi. Wengine hutoka nchi za mbali kuufuata utulivu huo. Iko hata njia ndefu ya baiskeli, EuroVelo 8, inayoanzia Cádiz nchini Hispania na kuandama pwani kuelekea mashariki hadi Ugiriki na Kupro.

Kenya nayo ina delta yake, na ina njia ya kuifikia. Ukivuka daraja la Garissa kwenda Madogo kisha ukashika kusini, barabara inauandama mto Tana kupitia Bura na Hola mpaka Garsen. Ni zaidi ya kilomita 200, na hakuna kilima cha kumkatisha mtu pumzi. Garissa yenyewe iko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo safari nzima ni mteremko usioonekana kwa macho. Kushoto kuna msitu wa mtoni wenye kima wa aina mbili wasioishi porini popote pengine duniani, mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Mbele ya Garsen kuna delta, hekta 163,600 za mabwawa, nyasi na mikoko, zilizoingizwa mwaka 2012 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Anayeitazama ramani peke yake atashangaa kwa nini barabara hii haijajaa baiskeli.

Anayeijua hashangai. Katika Kaskazini Mashariki na kingo za Tana, barabara iliyo kimya kupita kiasi humfanya dereva apunguze mwendo na kuuliza kuna nini. Pale Camargue kimya ni starehe. Huku kinaweza kuwa onyo. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanazuoni wa Kiislamu walilishughulikia kabla baiskeli haijabuniwa: utulivu wa njia unatoka wapi, na anayeufaidi anadaiwa nini na nani?

Hata kule Ufaransa utulivu haukujiotea. Kuna sheria iliyoyaondoa magari na kuna watu wanaolitunza tuta lisimezwe na bahari. Mpita njia hulipa deni hilo kupitia kodi na kanuni, asionane uso kwa uso na anayemdai. Kando ya Tana mambo mengi kati ya mgeni na mwenyeji bado humalizwa ana kwa ana, na fiqhi ya safari, yaani sheria ya Kiislamu kuhusu msafiri, iliandikwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo.

Waislamu wengi wa Garissa, kama wenzao wa Lamu na Mombasa, hufuata madhehebu ya Imamu Shafii. Kwa madhehebu hayo, mwenye safari ya marhala mbili, yaani kilomita themanini na kitu, anaruhusiwa kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili. Hapa wanazuoni walijiuliza swali zuri: ruhusa imetolewa kwa sababu ya umbali au kwa sababu ya taabu? Jibu lililoshika ni kwamba taabu ndiyo hekima ya ruhusa, ila safari yenyewe ndiyo sababu yake. Ndiyo maana abiria wa ndege ya Nairobi kwenda Wajir, aliyekaa kwenye kiti laini muda usiozidi saa chache, ana haki sawa na mchunga ngamia aliyetembea siku nne. Mwendesha baiskeli huvirudisha pamoja vile viwili vilivyotenganishwa na injini, umbali na taabu. Anauhisi urefu wa njia magotini, na kwa hiyo anaitambua haraka haja yake kwa watu wengine: maji, kivuli, neno la mtu aliyepita asubuhi.

Lakini dini haikumpa msafiri haki peke yake. Katika Hadithi mashuhuri Mtume (s.a.w.) aliwakataza masahaba kukaa njiani, na walipoeleza kwamba hawana mahali pengine pa kuzungumza, akawataka basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya. Katika mafundisho mengine, kuondoa kitu chenye kudhuru njiani kumehesabiwa kuwa tawi la imani, na yuko mtu aliyesamehewa kwa kuondoa tawi la miiba tu. Mkazi wa Bura halisikii hilo kama fumbo. Miaka ya 1980 mti wa mathenge uliletwa maeneo ya Bura na Hola ili watu wapate kuni na kivuli. Umeenea ukafunga mapito, na mwiba wake hutoboa tairi kama unavyotoboa mguu wa mbuzi. Aliyechukua panga akakata mathenge kando ya njia amefanya ibada, na anayefaidika huenda ni mtu ambaye hatamwona kamwe.

Kuna mapito mengine ambayo ramani za barabara hazionyeshi. Yanaitwa malka: ni vichochoro vya mifugo vinavyokatiza mashamba ya ukingoni hadi majini. Mpokomo analima, Muorma na Msomali wanachunga, na wakati wa kiangazi wote wanaelekea mto mmoja. Malka ikizibwa na shamba, ng'ombe watapita juu ya mahindi, na maneno yatafuatwa na silaha. Kati ya Agosti na Septemba 2012 zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta kwenye mapigano ya Wapokomo na Waorma. Siasa ilichochea, hilo halina ubishi, lakini kuni za moto ule zilikuwa ugomvi wa zamani wa nani apite wapi na lini. Mgeni anayesema delta ina amani leo anazungumzia kazi ya wazee wanaokaa chini kukubaliana juu ya malka, msimu baada ya msimu.

Dola nayo ilijaribu kuleta utulivu kwa njia yake. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1934 ilidhibiti kwa vibali nyendo za watu wa kaskazini. Baada ya uhuru, hali ya hatari ilidumu katika Kaskazini Mashariki hadi 1991. Na Hola, ambako mwendesha baiskeli wetu angesimama kununua maji, ndiko wafungwa 11 wa Mau Mau walikopigwa na walinzi wa kambi ya kikoloni hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Barabara zinaweza kunyamaza kwa amri. Ukimya wa namna hiyo hauwi amana kati ya anayepita na anayekaa, na ni makosa kuuita amani.

Swali la anayedaiwa lilipata jibu zito kaskazini zaidi, katika basi. Novemba 2014 wanamgambo wa Al-Shabaab walilisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Desemba 2015 walisimamisha jingine karibu na El Wak na kutaka abiria wagawanywe vivyo hivyo. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo mitandio ya kujifunika, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu kutoka Mandera, alipigwa risasi akiwa miongoni mwa waliokataa, akafariki Januari 2016. Tukio hilo lilizaa filamu fupi ya Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Wapo walioueleza ushujaa ule kama jambo la ajabu lililozuka jangwani. Maelezo hayo yanawapunja. Xeer, sheria ya kimila ya Wasomali, ina kundi la watu wasioguswa hata vitani, biri-ma-geydo, na mgeni ni mmoja wao pamoja na wanawake, watoto, wazee na wagonjwa. Mwanazuoni Imamu Ghazali, aliyeacha kiti cha heshima Baghdad mwaka 1095 akaingia njiani, alitenga kitabu kizima ndani ya Ihya, maandishi yake mashuhuri, kwa adabu za safari. Abiria wa El Wak walitenda walilofundishwa nyumbani na chuoni, dakika ambayo kulitenda kuligharimu uhai.

Basi mwendesha baiskeli afanyeje? Qurani inamtaja msafiri aliyekwama miongoni mwa makundi manane yanayostahili zaka, hata kama kwao ni tajiri, kwa kuwa amekatikiwa na mali yake. Mwenye M-Pesa mfukoni hajakatikiwa na kitu, madhali mtandao upo. Na anapita kwenye ardhi iliyokosa mvua misimu mitano mfululizo hadi mapema 2023, mizoga ya mifugo ikalala kando ya barabara, kisha mafuriko ya mwishoni mwa mwaka huo na ya Aprili 2024 yakaikata barabara kati ya Madogo na mji wa Garissa, watu wakavushwa kwa mashua. Mwenyeji aliyepoteza ngamia bado atamtolea mkeka na maziwa. Mafundisho yanampa mgeni siku tatu za kukirimiwa, na yanamkataza kukaa hadi amtie mwenyeji wake dhiki.

Kukataa maziwa yale ni kumvunjia mtu heshima. Kuyamaliza ni kuwanyima watoto wake. Mgeni mwenye adabu atakunywa kidogo na kuacha sukari na majani ya chai aliyoyabeba tangu Garissa, na kabla ya yote hayo atakuwa amepiga simu Bura na Hola kuuliza kama njia inapitika, na kama haipitiki, atabaki Garissa.