Steringi Hafi

Mikumi ya utoto wangu ilikuwa na sheria moja iliyojulikana na kila mtoto aliyewahi kulipa shilingi 100 kuingia banda la video: steringi hafi. Anaweza kupigwa risasi, akadondoka ghorofani, akafukiwa na kifusi, lakini mwisho wa picha lazima asimame na kujikung'uta vumbi. Picha ambayo steringi anakufa ilikuwa picha mbovu, na mwenye banda alidaiwa hela zake mchana kweupe. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 10 niliamini kwamba Terminator 2 inaisha hivi: Arnold anashushwa taratibu kwenye chuma kilichoyeyuka, anamtazama yule mtoto anayelia, anamwambia, "Usilie mwanangu. Nakwenda kazini. Nitarudi."

Maneno hayo hayamo kwenye filamu. Aliyeyasema ni mtafsiri.

Aliyekulia karibu na kibanda umiza haitaji kuelezwa mtafsiri ni nani. Ni yule anayepunguza sauti ya Wazungu na kupandisha ya kwake, anawasemea wote, steringi, adui, polisi na mama mzazi, na katikati anakuchomekea utani kuhusu daladala. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Waganda wana akina VJ Jingo. Wa kwetu, kwenye ile CD iliyokwaruzika, sikuwahi kulijua jina lake. Alikuwa na sauti nzito ya mtu aliyeamka muda si mrefu, na tulimwamini kuliko mwalimu.

Aliyemwamini zaidi ni binamu yangu. Yeye ni wa Kilosa. Mwishoni mwa Desemba 2009 Mto Mkondoa ulivunja kingo na kuingia mjini, Januari maji yakarudi tena, maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema na Reli ya Kati ikakatika, treni zikasimama kwa miezi. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, upande wa chini. Shangazi alikuwa ameshafariki, hivyo baba yake akamleta kwetu Mikumi, akarudi mwenyewe kwenye mahema. Mwezi Juni alipita tena akielekea Kidatu kwenye msimu wa kukata miwa. Alilala usiku mmoja, akaondoka na Coaster ya kwanza alfajiri, hakumwamsha mtoto. Hakurudi. Mpaka leo hatujapata habari ya kifo wala ya uhai.

Kwa hiyo mtu mzima yeyote nyumbani alipoulizwa, jibu lilikuwa lile lile: amekwenda kazini, atarudi. Na kule bandani, jirani na stendi, Arnold naye akasema hivyo hivyo. Binamu yangu aliitazama ile picha mara nyingi mno. Alikuwa akitamka yale maneno ya mwisho pamoja na mtafsiri, midomo ikicheza bila sauti, kama mtu aliye kwenye sala.

Nilikuja kuiona filamu yenyewe mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, Dar es Salaam, kwenye kompyuta, baada ya mwenzangu wa chumbani kunipa flashi. Ilipofika kwenye chuma kilichoyeyuka nilisubiri lile neno. Halikuja. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba faili ni bovu. Nikatafuta toleo jingine, kisha jingine, na hapo ndipo nilipogundua kwamba suala la "filamu yenyewe" ni gumu kuliko nilivyodhani, hata kwa watu wasiowahi kukaa kwenye benchi la banda.

Terminator 2 ya James Cameron iliyoingia kumbini Marekani Julai 1991 ina dakika 137. Mwaka 1993 likatoka toleo maalumu la kutazamia nyumbani, refu kwa takriban dakika 16. Si dakika za kujazia. Kwenye toleo la kumbini, mtoto John anaiuliza mashine kama inaweza kujifunza vitu vipya, nayo inajibu kwamba kadiri inavyokaa na watu ndivyo inavyojifunza. Basi, imetosha. Kwenye toleo refu jibu ni tofauti: mashine inasema ubongo wake umefungwa tangu ilipotumwa, na lazima ufunguliwe kwanza. Hivyo Sarah, mama wa mtoto, anampasua mashine kichwani na kuchomoa chipu. (Tukio hilo linaonekana kwenye kioo, ila kioo hakuna: upande mmoja yupo pacha wa mwigizaji Linda Hamilton, akifuatisha mikono ya dada yake.) Chipu ikishatoka, Sarah hairudishi. Anaiweka mezani na kuchukua nyundo. John anamzuia.

Mimi nalipenda toleo hili refu, ingawa najua wengi wanaliona linachosha. Kwenye lile fupi, utu unaambukizwa kama lafudhi. Ukikaa na watu unaupata. Kwenye lile refu, kabla mashine haijajifunza chochote, kuna mtu aliyeshika nyundo na mwingine anayemwomba asipige. Hizo ni nadharia mbili tofauti za maadili ndani ya filamu moja, na zote mbili zimetiwa sahihi na mtu yule yule.

Mwisho nao ni hivyo hivyo. Uliozoeleka ni barabara kuu usiku, taa za gari zikimulika lami, na sauti ya Sarah ikisema hajui kinachokuja. Mtoto wa Mikumi anaijua barabara ile. Ndiyo ile ile ya malori ya Zambia yanayokatiza hifadhi usiku. Lakini Cameron alipiga pia mwisho mwingine, kisha akauondoa kabla filamu haijatoka: Sarah ni bibi kizee kwenye bustani, jua linawaka, John amekuwa seneta na ana binti, na ile tarehe 29 Agosti 1997 iliyotabiriwa kuwa siku ya maangamizi imepita kama siku nyingine. Katika DVD ya mwaka 2000 mwisho huo ulifichwa. Ulitakiwa kubonyeza 82997, yaani tarehe yenyewe kwa mpangilio wa Kimarekani, ndipo mlango ufunguke.

Hapo nikaanza kumtazama mtafsiri wetu kwa jicho jingine. Swali alilojibu kwa hovyo kwenye chumba chake cha kurekodia, Cameron naye alikuwa amelijibu akiwa na mamilioni ya dola: je, huyu anayetazama nimwache gizani au nimpe kitu cha kushika? Cameron alikuwa na faraja mkononi akaiondoa. Mtafsiri hakuwa nayo, akaitengeneza.

Najua jibu la kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi si tu haki ya malipo bali pia haki ya kupinga kazi yake isipotoshwe. Kwa kipimo hicho CD ile ilikuwa kosa kuanzia jaladani. Sibishi. Ila sheria inamtazama mtunzi, na swali langu lilikuwa la mtoto aliyekaa kwenye mkeka wa mbele.

Na kwa upande wa mtoto, kesi ya mtafsiri si nyepesi kama inavyoonekana. Katikati ya filamu Sarah anawatazama John na mashine wakicheza, na moyoni anawaza kwamba kitu kile hakitamwacha kamwe mwanawe, hakitampiga, hakitalewa, kwamba kati ya wanaume wote waliowahi kupita, mashine ndiyo pekee iliyofaa kuwa baba. Hakitamwacha kamwe. Halafu kinamwacha. Filamu yenyewe inatoa ahadi na kuivunja. Sauti ile ya Sarah kwenye CD yetu haikusikika, mtafsiri alikuwa anafanya utani wa bunduki. Sasa nikiwaza, pengine hakuitupa ahadi. Aliihamisha, akaiweka mwishoni, kwenye mdomo wa baba. Mtu anaweza kusema alikuwa mwaminifu kwa filamu kuliko dakika zake za mwisho zilivyo.

Nimeijaribu hoja hiyo mbele ya wenzangu darasani na ilipendeza. Lakini nikiwa peke yangu hainishiki. Tofauti ya mtafsiri na Cameron si kwamba mmoja alibadilisha na mwingine hakubadilisha. Ni kwamba Cameron alipobadilisha, alikuacha uone vyote viwili, hata kama ilibidi ubonyeze tarakimu tano. Mwenye kosa ninayemfikiria hapa ni mkubwa kuliko mtafsiri wa mtaani: George Lucas. Kwenye Star Wars ya 1977, Han Solo anamwahi mwindaji aliyemtishia mezani na kumpiga risasi. Kwenye toleo la 1997 mwindaji ndiye anayefyatua kwanza, anamkosa, na Solo anakuwa amejitetea tu. Mtu aliyeua kwa kuwahi akageuzwa kuwa mtu msafi, na tangu hapo matoleo mapya ya majumbani yakaja na mabadiliko juu ya mabadiliko, huku filamu ile ya 1977 ikiwa haipatikani kwa njia halali isipokuwa mara chache na kwa ubora hafifu. Kubadilisha mawazo si dhambi. Kumnyima aliyeona la kwanza ushahidi kwamba aliliona, hilo sijui niliite nini.

Mtafsiri wetu alifanya hivyo bila kukusudia. Aliposhusha sauti ya Arnold hadi ikawa mnong'ono, alituziba masikio. Hakuna mtoto aliyejua kwamba chini ya "nitarudi" kuna neno jingine.

Desemba iliyopita nilirudi Mikumi na kompyuta. Binamu yangu sasa ana bodaboda, ana mke na binti wa miaka minne. Nilikaa siku tatu bila kusema kitu. Nani kaniomba nisahihishe? Mtu amekua, amejenga chumba na sebule juu ya lile neno, halafu mimi nije na flashi yangu ya chuo nimwambie msingi ni wa uongo. Nilijiambia kwamba kunyamaza ni heshima. Kisha nikakumbuka kwamba ndivyo watu wazima wa nyumbani kwetu nao walivyojiambia, mwaka baada ya mwaka, na kwamba sisi wawili ndio tuliokuwa tunalala chumba kimoja tukiyasikia magari ya alfajiri.

Jioni ya nne nikamwambia, "Kaka, ninayo ile picha ya Arnold. Ila haijatafsiriwa."

"Weka," akasema. "Naijua yote."

Na kweli aliijua. Alinitafsiria mimi. Pale mashine inapoapa kutoua mtu kisha inampiga mlinzi risasi za magoti, alicheka kabla ya wakati wake, kama zamani. Tulipofika kiwandani akanyamaza. Sarah akashika rimoti ya mnyororo, mashine ikampa mkono, ikasema neno moja. Ni neno la Kiingereza ambalo Mikumi hata mtoto wa chekechea analijua, kwa sababu ya watalii. Goodbye.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha. Ikasema tena.

"Kumbe aliaga."

Sikujibu. Aliiacha picha ikamalizika, barabara ikapita yote, majina yakaanza kupanda. Nje kulikuwa na lori linahema kwenye matuta. Akauliza kama yule mtafsiri alikuwa hajui Kiingereza. Nikamwambia neno hilo hakuna asiyelijua.

"Basi alijua," akasema. Akafikiri kidogo. "Mimi ningejua kama aliaga, nisingekaa barazani vile. Unakumbuka nilivyokuwa nakaa barazani?"

Nilikumbuka. Kila Coaster iliyotoka upande wa Kidatu.

Nilitegemea hasira. Labda nilizitaka, zingenipa haki ya kuwa nimemwambia. Badala yake alitoka kwenda kufunika pikipiki, akarudi, akasimama mlangoni.

"Ile ya zamani bado unayo?"

"CD? Hapana."

"Itafute, msomi. Nataka zote mbili."

Nimetafuta. Mtandaoni nimepata Terminator 2 iliyotafsiriwa, si moja, kwa sauti nyingine. Kwenye mojawapo mtafsiri anasema Arnold "anajitoa mhanga" na kuendelea. Kwenye nyingine mwisho umekatwa kabisa, linaingia tangazo la picha inayofuata. Ya yule mwenye sauti ya usingizi haipo. Pale lilipokuwa banda sasa wanauza makava ya simu, na mwenye banda, nilipompata, alinijibu kwamba CD zile aliwapa watoto wazichezee magurudumu ya vigari vya waya.